MuseScore Studio mikononi mwa mtunzi anayetafuta maoni

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikitunga vipande vifupi vya piano, baadhi vikiambatana na sauti za kielektroniki, na vyote nimeviandika kwa programu ya kuandikia nota za muziki iitwayo MuseScore, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa MuseScore Studio. Muziki si kazi inayonipa riziki. Ninatunga kwa sababu ninaupenda, na ili nikue ninahitaji watu wavisikilize vipande hivyo na kunionyesha mahali palipolegea. Ndiyo maana programu hii ninaipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, inamwezesha msikilizaji kunipa maoni ambayo kesho yake ninaweza kukaa chini na kuyafanyia kazi?

Kwanza niondoe utata unaowapotosha wengi. Programu yenyewe, inayopakuliwa musescore.org, ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na haina malipo yoyote, wala haina toleo dogo la bure na kubwa la kulipia. Mjerumani Werner Schweer ndiye aliyeianza mwaka 2002, akiitoa ndani ya programu yake nyingine iitwayo MusE, na toleo la 4, lililobadilisha sura na sauti yake kwa kiasi kikubwa, lilitoka Desemba 2022. Tovuti ya musescore.com ni kitu kingine: huko watu huweka nota zao ili wengine wazisome na kuzisikiliza, na sehemu kubwa ya huduma zake za kupakua zinahitaji kujiunga kwa malipo. Nimekutana na walimu wa kwaya walioiacha programu wakidhani inauzwa, kwa sababu tu walifikia mlango wa pili kabla ya ule wa kwanza.

Kipande changu cha kwanza nilikituma kwa marafiki wanane kikiwa faili la sauti peke yake. Majibu yalikuwa ya upendo, lakini hayakunifikisha popote: kizuri, hongera, endelea hivyo hivyo, katikati pamenichosha kidogo. Katikati wapi? Kilikuwa na dakika nne. Kipande cha pili nilikituma kwa namna tofauti, faili la sauti pamoja na nota katika PDF, nikiwa nimeiagiza programu iandike namba juu ya kila kipimo, yaani kila chumba kinachotengwa na mstari wima, badala ya mwanzoni mwa kila safu kama ilivyo kawaida yake. Majibu yaliyorudi yalikuwa ya aina nyingine kabisa. Mmoja aliniandikia kwamba kuanzia kipimo cha 18 hadi cha 25 mkono wa kushoto unarudia mapigo yale yale mara nane bila sababu anayoisikia. Mwingine, ambaye hupiga kinanda kanisani kila Jumapili, alisema kwamba melodia ya kipimo cha 9 ilikuwa nzuri kiasi cha kustahili kurudi mwishoni, nami nilikuwa nimeisahau kabisa. Namba hizo ndogo ndizo zilizogeuza pongezi kuwa mafunzo, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuipendekeza programu hii.

Kuhusu sauti, mtu anayeisakinisha leo hupata mkusanyo wa msingi uitwao MS Basic, ambao piano yake inaeleweka lakini ni kavu. Ziada yake ni Muse Sounds, inayopakuliwa bure kupitia programu ndogo ya Muse Hub, na ala zake za nyuzi, kama fidla, hasa zinapendeza sana kusikiliza. Mizigo hiyo ni ya gigabaiti kadhaa, kwa hiyo anayetegemea bando la simu achague vyombo anavyovihitaji tu. Kwa piano mimi nimebaki na Salamander, sauti zilizorekodiwa na Alexander Holm kutoka kwenye piano kubwa ya Yamaha C5 kwa viwango 16 vya nguvu ya mguso, ambazo zinapatikana bure na huingizwa katika programu zikiwa katika muundo wa SoundFont, yaani faili linalobeba sauti za ala. Alama za pedali, yaani kanyagio la piano linaloendeleza sauti, nazo zisisahauliwe, kwa maana bila hizo kila sauti hukatika pale nota inapoishia, na msikilizaji humlaumu mtunzi kwa ukavu ambao hakuukusudia.

Lipo jambo moja ambalo ningependa mtunzi mwanafunzi alijue mapema. Programu hupiga chochote kilichoandikwa. Ukiandika nota iliyo nje ya uwezo wa filimbi au sauti ya binadamu, huibadilisha rangi kukuonya. Lakini piano ina vibonyezo 88, na nota yoyote iliyo ndani ya hivyo huonekana halali, hata kama mikono miwili haiwezi kuzifikia zote kwa mara moja. Katika kipimo cha 31 cha kipande changu mkono wa kushoto ulitakiwa kushika do na fa iliyo juu ya oktava yake kwa pamoja, katika mwendo wa haraka, na kompyuta ilikuwa ikizipiga kwa utulivu wa ajabu kwa muda wa wiki tatu. Ni yule mpiga kinanda aliyeniambia kwamba kiganja chake hakifiki. Tangu hapo sitoi kipande kabla sijakipiga mwenyewe, hata kwa mwendo wa pole, na rekodi hiyo yenye makosa huitanguliza mbele ya ile ya mashine.

Upande wa sauti za kielektroniki uwezo wake ni mdogo zaidi. Toleo la 4 hupokea ala za muundo wa VST3, yaani programu ndogo za sauti zinazochomekwa ndani ya programu nyingine, na kwa njia hiyo sintesaiza (chombo kinachounda sauti za kielektroniki) ya bure kama Surge XT huweza kupiga mstari ulioandikwa kwa nota. Inafanya kazi vizuri pale sauti inapobaki na tabia moja. Nikitaka sauti ifunguke polepole, iwe nzito kisha ing'ae kadiri vipimo vinavyopita, au nikitaka kuingiza mvua niliyoirekodi kwa simu, hapa hapana nafasi ya kazi hiyo, na hulazimika kuhamisha faili la MIDI, linalobeba maelekezo ya nota badala ya sauti yenyewe, kwenda katika programu ya kurekodia. Silihesabu jambo hilo kuwa kasoro kubwa, kwa kuwa hiki ni chombo cha kuandikia nota, lakini anayetunga muziki wa kielektroniki mtupu atapoteza muda wake humu.

Kwa waliolelewa katika do-re-mi za kwaya, programu haibadilishi solfa kuwa nota kwa kubofya mara moja. Silabi huandikwa chini ya nota kama maneno ya wimbo, kazi ya uvumilivu lakini inayosomeka vizuri ikishachapishwa. Na anayemtumia mwenzake faili lenyewe ili alirekebishe akumbuke kuambatisha nakala ya MusicXML, muundo wa nota unaosomwa na programu nyingi, kwa sababu faili la toleo la 4 halifunguki ipasavyo katika toleo la 3, ambalo bado limo katika kompyuta nyingi za zamani.