Grainda ya inchi 4 na nusu baada ya miezi 8: nguvu ipo, swichi ndo imeniudhi

Nimekaa na hii grainda miezi 8 sasa, nimekatia bomba, nimelainishia sehemu zilizochomelewa, nimetolea kutu, mpaka tailizi nimekata, kwa hiyo nadhani naruhusiwa kuongea. Jina la kampuni naliacha maana sitaki ugomvi na mtu, na ukweli hizi grainda za bei ya kawaida nyingi zinatofautiana rangi na stika tu.

Nianze na uzuri. Ni ya diski ya milimita 115, wati 850, mizunguko 11,000 kwa dakika, na kwa kazi za kawaida haikwami hovyo. Shingo yake nyembamba unaishika vizuri, mpini wa pembeni unafungwa kushoto au kulia kwa hiyo hata wa mashoto hajasahaulika. Kuna mtu aliniambia ni feki eti kwa sababu waya wake hauna arthi, nikamwonyesha kwenye kile kibandiko alama ya kiboksi ndani ya kiboksi, hiyo maana yake imekingwa mara mbili na haihitaji arthi. Akanyamaza.

Sasa swichi. Ni ile ya kusukuma mbele halafu inajifunga hapohapo, unaachia kidole na mashine inaendelea kunguruma. Siku ya kwanza nikaona raha kweli maana kidole hakichoki. Wiki ya tatu niko katikati ya kukata, umeme ukakatika, mimi nikaiweka mezani nikaenda kunywa maji nikasahau kabisa kwamba swichi bado iko mbele. Umeme uliporudi ile kitu ikaamka yenyewe, ikakimbia mezani kama panya, ikadondoka chini na diski ikapasuka vipande, kimoja nilikikuta upande wa pili wa chumba. Sikuwepo pale, ndo kilichoniokoa. Zipo grainda ambazo umeme ukirudi haziwaki mpaka uzime swichi uwashe upya, na zipo za swichi ya kubana kwa kiganja ambazo ukiachia tu motor inakata. Hii haina hata kimoja. Siku hizi umeme ukikatika tu kitu cha kwanza narudisha swichi nyuma na kuchomoa plagi, lakini kwanini nifanye mimi kazi ambayo mashine ingefanya? Mtu akiniuliza anunue ipi namwambia aache kuangalia wati, aangalie swichi kwanza.

Kava ya diski nayo nimeipenda, inazungushwa kwa mkono bila spana, kwa hiyo huna kisingizio cha kuitoa. Na hapa nina kesi na jirani. Alikuja kuazima akiwa na diski ya inchi 9 mkononi, anataka atoe kava aifunge hiyo ili akate mbao nene "mara moja tu". Nikamwambia soma hapo kwenye diski yako, imeandikwa mwisho 6,600 kwa dakika, hii mashine inazunguka 11,000, hiyo diski itafumuka usoni kwako kabla hujafika kwenye mbao, na isitoshe hiyo diski ni ya kukatia chuma, sio mbao. Akaniambia mafundi wote wanafanya hivyo. Ndio, na muangalie vidole vya hao mafundi. Sikumpa.

Kwenye boksi wameweka diski moja ya bure ya kukatia, na hapa nilikasirika. Wengi hatujui, lakini kile kipete cha bati pale kwenye tundu huwa kina tarehe ya mwisho, mwezi na mwaka, kwa sababu gundi inayoshika zile chembe zinazokata inachoka hasa ikikaa kwenye unyevu. Nimeangalia ya kwangu, ilishapita muda. Yaani mashine mpya na diski iliyoexpaya boksi moja! Nikaivunja nikatupa ili asije mtu akaiokota. Kanuni nyingine za diski kijitabu chao hakizisemi kabisa, karatasi moja tu yenye maandishi ya kusomwa na sisimizi: diski nyembamba ya kukatia usisagie ubavu wake maana haikutengenezwa kubeba nguvu ya pembeni, ukifunga diski mpya iache izunguke bure kama dakika moja huku wewe umesimama pembeni, na chuma unachokata kifungwe ili kipande kinachoning'inia kisije kikabana diski, ikibanwa mashine inaruka kuelekea kwako haikuulizi.

Kosa la mwisho ni langu, sio la grainda. Nilitumia ekstensheni ya kuzungusha bila kuikunjua yote, baada ya robo saa nikasikia harufu, kugusa nyaya za ndani zimeshakuwa laini kama ubuyu. Waya uliojikunja hauna pa kutolea joto. Kunjua yote hata kama unakata kipande kimoja.

Kelele ni nyingi, bila kinga ya masikio kichwa kinauma mpaka jioni, na miwani ya jua sio miwani ya kazi jamani, cheche inapita pembeni.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Motor nzuri, kava nzuri, swichi mbovu, diski ya bure ni aibu. Kaboni 2 za akiba (zile brashi za motor) walizoniwekea bado sijazigusa, na jirani mpaka leo kaninunia.