Rush Hour: fumbo la foleni linalofaa, mradi mtoto asilicheze kimya

Rush Hour ni fumbo la kusogeza magari. Lilibuniwa na Mjapani Nob Yoshigahara na likaanza kuuzwa Marekani mwaka 1996. Ubao ni wa miraba 6 kwa 6. Yako magari madogo 12 ya miraba 2, likiwemo jekundu linalotafuta njia ya kutoka, na malori 4 ya miraba 3. Gari huenda mbele na nyuma tu. Halikati kona wala halinyanyuliwi. Kadi zinazoonyesha magari yapangwe vipi ni 40, ngazi 4 za kadi kumi kumi, na limepangiwa watoto wa kuanzia miaka 8.

Kwa kufundisha hoja nalipatia alama za juu, ila kwa sharti moja: kabla ya kugusa gari, mtoto aseme "kwa sababu". Akicheza kimya atasukuma hiki na kile mpaka njia ifunguke yenyewe, na hapo ni vidole vilivyofanya kazi.

Chukua kadi namba 1. Jekundu liko mstari wa 3 kutoka juu, na lori limesimama wima mbele yake. Muulize mtoto: lori lipande au lishuke? Juu ya njia kuna mistari 2 tu na lori lina urefu wa miraba 3, basi halina budi kushuka mpaka chini kabisa. Huko chini limelala lori jingine. Likienda kulia bado linaziba, likienda kushoto mraba 1 bado. Lazima miraba 2. Kushoto kuna gari dogo, basi hilo lipande. Juu yake lipo lori, nalo lipande. Juu ya lori, pembeni, kuna gari dogo ambalo lina nafasi kulia kwake. Mtoto ameanza na lori lililomzuia, akafuata "kwa sababu" moja baada ya nyingine hadi kwenye gari la kona, na hilo la mwisho kutajwa ndilo la kusogezwa kwanza. Kanuni ya lori ataikuta tena na tena: lililosimama wima mbele ya jekundu hushuka hadi chini, hakuna namna nyingine.

Kadi hiyo hiyo ina mtego mzuri upande wa kulia. Huko nako lori jingine limesimama wima kwenye njia ya jekundu, na gari dogo lililolala mstari wa 5 linalizuia kushuka. Watoto wengi hulisogeza kushoto mraba 1, lori likapita, wakafurahi. Sasa gari hilo limeingia kwenye safu ya lori la kwanza. Miraba 2 haisaidii. Ni 3 kamili. Usimwambie. Mwache akwame, kisha uliza tu: nani anamzuia nani? Suluhisho zima ni hatua 8, ya jekundu kutoka ikiwemo.

Mtoto akilalamika kwamba kadi fulani haiwezekani, kagua upangaji kwanza. Mara nyingi kipande kimekaa mraba mmoja pembeni, au gari dogo limewekwa pahali pa lori. Dawa ni kuisoma kadi mstari kwa mstari, kwa sauti, kisha kuhesabu vipande. Kasoro ninayoinyima alama ni suluhisho kuwekwa nyuma ya kadi ileile. Mkono wa mtoto hauchelewi kuigeuza. Shika kadi wewe.

Ugumu wa kweli huja pale gari linapotakiwa kurudi lilikotoka. Mtoto hukataa, kwa kuwa anaona kama anapoteza alichokwisha kukipata. Hapo weka ubao kando, uje na fumbo la mtu anayevusha mto chui, mbuzi na majani, kimoja kimoja kwa mtumbwi, bila kimoja kumla mwenzake. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara 3 inatoa vyumba 8: hali ya mwanzo na safari 7 za mtumbwi. Chora, kata, changanya, mwache apange. Akikosea, aeleze nani kamla nani. Kipande kitakachomsumbua ni cha safari ya 4, mbuzi anaporudishwa. Akishaelewa kwa nini mbuzi arudi, kurudisha lori nyuma hakumtishi tena.

Anayetaka kujaribu kabla ya kununua achore ubao kwenye manila, mraba sentimita 3, na vipande akate upana wa sentimita 2.7 visikwaruzane. Hapa kuna hasara moja: ubao wa dukani una mifereji inayoshikilia magari, wa karatasi hauna, na watoto huvizungusha vipande. Chora mshale wenye ncha mbili juu ya kila kipande. Vipande hivyo hivyo vya manila vitakufaa pia gari la plastiki litakapopotelea chini ya kochi.