Mwezi mmoja kwenye magazeti ya kale, nikimfuata Steve Bloomer

Nililipia kifurushi cha mwezi 1 cha huduma ya mtandaoni inayohifadhi magazeti ya zamani ya Uingereza, na nililipia kwa ajili ya mtu mmoja tu: Steve Bloomer, mshambuliaji wa Derby County. Takwimu zake nilikuwa nazo kichwani. Mabao 28 katika mechi 23 za England, kati ya 1895 na 1907. Mabao 332 kwa Derby. Nilichokuwa na kiu nacho ni kuisoma safari hiyo wiki kwa wiki, kama alivyoisoma shabiki wa wakati ule.

Siku ya kwanza nilikaribia kukata tamaa. Ukitafuta "Bloomer" peke yake unamwagiwa matangazo ya nguo, kwa sababu jina hilohilo lilikuwa la suruali pana walizovaa wanawake kuendeshea baiskeli. Andika jina pamoja na Derby, halafu bana tarehe kati ya Septemba na Aprili, ligi inapochezwa. Wala usiyategemee mno maandishi yaliyosomwa na mashine. Wino ukififia, "e" inasomwa "c", na ripoti nzima inakupita. Mimi nilizoea kufungua kurasa za michezo moja baada ya nyingine na kuzipekua kwa macho.

Lakini ukiipata, umeipata! Machi 1896 England waliichapa Wales 9-1 kule Cardiff, naye akafunga 5. Nilikuza ukurasa mpaka herufi zikajaa skrini. Vikosi vya enzi hizo vimepangwa kama piramidi: kipa, mabeki 2, viungo 3, kisha washambuliaji 5 mstari mmoja, Bloomer akiwa wa ndani upande wa kulia. Jezi hazikuwa na namba, kwa hiyo mwandishi aliyekaa jukwaani ilimbidi awatambue watu kwa sura na mwendo. Tangu nijue hilo, nazisoma ripoti zao kwa heshima.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni Machi 1906, Derby walipomuuza kwa Middlesbrough kwa pauni 750. Msimu uliofuata Derby wakashuka daraja. Alirudi 1910 akiwa na miaka 36, na 1912 akawapandisha kama mabingwa wa daraja la pili. Alitundika daluga mwaka 1914, miaka 40 imeshatimia.

Julai mwaka huohuo akaenda Berlin kufundisha klabu ya Britannia. Wiki chache tu, vita vikalipuka, akazuiliwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi ya raia wa Uingereza. Kurasa za soka zinapungua, orodha za waliokufa zinarefuka. Usiku ule nilizima kompyuta mapema.

Kasoro kubwa: usajili ulijihuisha wenyewe na nikakatwa pesa ya mwezi wa pili. Nilirudishiwa, ila baada ya kuandika mara 3. Ukijiunga, zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo.

Nyota 4 kati ya 5. Nikipata likizo nitalipia tena, nianzie Septemba 1892, msimu wake wa kwanza, alipokuwa kijana wa miaka 18.