Kijitabu cha Katiba nilichonunua Mwanga, nyota nne kati ya tano

Nimekinunua elfu tano kwenye stationari moja hapa Mwanga, Kigoma, ni ile Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 kwa kiswahili, na kilichonipeleka dukani ni uchungu tu. Mama mdogo anaanika dagaa kule Kibirizi, siku hiyo wakagombana na jirani yake mambo ya sehemu ya kuanikia, kiongozi mmoja akaja akamkamata, huyohuyo akasikiliza kesi tena ya upande mmoja, huyohuyo akampiga faini na hela akapokea yeye mwenyewe, risiti hakuna. Mama mdogo kalipa kanyamaza, anasema serikali ikishasema imesema. Iliniuma sana jamani.

Sasa fungua ibara ya 4. Kazi za nchi zimegawanywa kuna utendaji, kuna kutoa haki, kuna kutunga sheria na kusimamia utekelezaji wa shughuli za umma, na kila upande una vyombo viwili kwasababu kuna vya Muungano na vya Zanzibar. Alafu nenda 107A, mwenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki ni Mahakama, sio aliyekukamata! Na 13(6) inasema una haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, na usitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike umekosa. Hiyo 13 nilimsomea mama mdogo jioni polepole, akaniambia rudia, nikarudia mpaka mara tatu, akawa kimya anawaza.

Hata rais kawekewa mipaka humu, vipindi viwili basi (40), Bunge linaweza kumshtaki na kumuondoa (46A), kodi haitozwi bila sheria ya Bunge (138).

Nyota moja nimeitoa. Maandishi madogo mno, mtu mzima bila miwani hasomi, na lugha yake ya kisheria nzito, sentensi moja inakula nusu ukurasa. Ila kinachonikera zaidi ni yaliyomo, mawaziri wanateuliwa kutoka humohumo kwa wabunge (55), sasa mtu yuko serikalini na yuko kwenye Bunge linalotakiwa kuisimamia hiyo serikali, atamuuliza nani? Na 41(7) tume ya uchaguzi ikishatangaza rais hakuna mahakama inaruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mimi naona hapo mgawanyo umelegezwa makusudi na inatakiwa pabadilishwe.

Ila kanunueni, kweli kabisa, hasa nyie wenye biashara mwaloni na sokoni. Kabla hujatoa hela kagua kwanza ukurasa wa 107A, ibara hiyo iliongezwa mwaka 2000, kwahiyo ukikuta haimo ujue umepewa nakala ya zamani, mwambie muuzaji akutafutie yenye mabadiliko mpaka ya 2005.