Spika za mninga au MDF? Nimechongesha zote mbili Keko, haya ndo niliyosikia

Wadau habarini, nimeulizwa sana kuhusu hizi spika kwaiyo naandika yote hapa. Mwaka jana nilikuwa na spika za inchi 6 na nusu, tweta zake (vispika vya sauti nyembamba) na krosova (kifaa cha kugawa sauti kati ya spika na tweta), ila maboksi ya chipbodi yalishavimba kwa maji yakawa ya kutupa. Nkaenda Keko, Dar es Salaam, kwa fundi seremala nikamwambia nataka pea mbili, moja ya mninga mtupu na nyingine ya MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18, vipimo vya nje vilevile, sentimita 40 kwa 25 kwa 30. Nilitaka nihakikishe kwa masikio yangu maana kila fundi redio ninayemjua anaapa kwamba mninga unaimba na MDF imekufa.

Kazi ya mkono fundi anaiweza jamani. Ule mninga ulivyopigwa msasa na vanishi ulitoka rangi ya kahawia yenye wekundu, michirizi inameremeta, mpaka leo mgeni akiingia sebuleni lazima aupapase kwanza. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya MDF, na kwa upande wa macho sijutii hata shilingi.

Sasa sauti. Nilikuwa nahamisha spika zilezile, unafungua skurubu unatoa huku unafunga huku, ampu ileile, sehemu ileile ya chumba. Siku ya kwanza nkaamini kabisa. Nimeweka rumba, gitaa la besi kwenye mninga limekaza, kila noti inakatika inapotakiwa, kwenye MDF besi imejaa zaidi lakini imelegea kidogo. Usiku uleule nkampigia fundi kumwambia mafundi redio walikuwa sahihi.

Kesho yake nkachukua tepu nipime ndani, na hapo ndo mambo yakageuka. Mninga ulikuwa na unene wa milimita 25, na kwa sababu vipimo vya nje ni sawa, ule unene wote umekula nafasi ya ndani. Boksi la MDF lina kama lita 20 na nusu ndani, la mninga lina 17 na nusu. Lita 3 nzima! Kwa boksi lenye bomba la besi (lile tundu la kupitisha hewa linaloongezea besi) kama haya yangu hiyo sio kitu kidogo, bomba ni lilelile lakini hewa ya kulisukuma imepungua, kwaiyo noti ya besi linayoitikia inapanda juu kama asilimia 8, besi ya chini kabisa inapungua na unasikia imekaza. Nikajaza mchanga kwenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nkafunga vizuri, nkaziingiza kwenye kila boksi la MDF kupitia tundu la spika. Besi ikakaza vilevile! Nilirudia mara tatu na mdogo wangu kakaa amegeuza mgongo, kwenye besi hakuweza kutofautisha.

Kuna tofauti moja ilibaki na naiheshimu. Sauti ya mwanaume akiongea, kwenye MDF ukiweka kiganja ubavuni mwa boksi unasikia inatetemeka, na maneno yanakuwa kama yametoka kwenye debe. Ukigonga kwa kifundo cha kidole inajibu "duu", ya mninga inajibu "tok" fupi. Watu watasema ni uzito wa mninga lakini MDF ndo nzito zaidi kwa ujazo uleule, kilichosaidia mninga ni ule unene. Nikagundisha kipande cha mbao ndani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, gundi ya kutosha, nkasubiri siku nzima, na ule mtetemo ukaisha karibu wote.

Na sisemi mbao haina kazi kabisa. BBC kwenye miaka ya 70 walipotengeneza ile spika yao ndogo ya LS3/5A walichagua plaiwudi ya birch (mti wa Ulaya) ya milimita 12, kuta nyembamba makusudi, wakabandika lami ndani ili kunyonya mtetemo, na pembeni wakataka vipande vya beech, mbao nyingine ngumu. Kwaiyo mbao inasikika, ila inasikika kupitia unene, ugumu, ilivyobanwa na kilichobandikwa ndani.

Lawama yangu kwa fundi ni moja lakini kubwa. Mninga uliokauka unasifika kwa kutulia, haupindi ovyo, ila huu wangu aliuchonga ukiwa bado na unyevu na hakuniambia. Mwezi wa tano kiungo cha nyuma kikaachia, ufa mwembamba hata kadi ya simu haipiti, lakini besi ikipiga unasikia hewa inatoka "fsss fsss" na ngumi yote ya ngoma imepotea. Mbao nzuri na pesa yote ile imeshindwa na ufa huo. Nikaziba kwa silikoni ikarudi. Fundi alipokuja kuona alikubali kosa na akapunguza bei ya kazi inayofuata, hilo nampa heko.

Hiyo kazi inayofuata ni MDF ya 18, ndani lita 17 na nusu kamili, mbao mbili za kukaza, na nje ngozi nyembamba ya mninga ya kubandika. Nazichukua Jumamosi.