Umeme wa sola kwenye mnara wa simu Liwale: tathmini ya huduma ya kulipia kwa mwezi

Kwa wanaosimamia minara ya simu iliyo mbali na nguzo za TANESCO, swali la kama jua linaweza kuendesha mnara limekwisha kujibiwa: linaweza. Ninachotathmini hapa ni huduma yenyewe inavyouzwa siku hizi, ambapo kampuni ya nishati hufunga paneli, betri na vifaa vyote kwa gharama yake, kisha mwenye mnara hulipa kila mwezi kwa umeme uliopatikana. Mnara ninaouzungumzia upo juu ya kilima wilayani Liwale, mkoani Lindi, na mimi ni mmoja wa mafundi wanaouhudumia. Kampuni iliyoufungia sola sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona pia kwenye kazi za wengine.

Kwa jumla huduma ni nzuri na ningemshauri mwenye mnara mwingine aichukue. Paneli zimefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Kilichonikera ni hesabu ya mzigo iliyowekwa kwenye mkataba, ambayo ilifanywa kana kwamba mnara utabaki kama ulivyokuwa siku ya kuzinduliwa.

Kabla ya sola mnara huu uliendeshwa na jenereta mbili za kVA 15 (kipimo cha ukubwa wa jenereta) zilizopokezana usiku na mchana. Jenereta ya ukubwa huo, ikibebeshwa mzigo mdogo kama wa mnara wa kijijini, hunywa kati ya lita mbili na tatu za dizeli kwa saa, ambazo kwa mwezi ni lita 1,400 hadi 2,100. Mzigo mdogo hauipi hata nafuu ya uhai, kwa sababu injini isiyopata joto la kutosha haichomi mafuta vizuri na masizi hujaa kwenye ekzosi. Oili na chujio hubadilishwa kila baada ya saa 250, na kwa mnara usiozimwa maana yake ni safari ya fundi kila siku kumi hivi. Anayeijua barabara ya Nachingwea hadi Liwale wakati wa mvua hahitaji kuelezwa gharama ya safari hizo. Bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa juu zaidi katika wilaya za mbali kama hii, na hapo hujahesabu lita zinazopungua kati ya bohari na tangi la mnara. Mafuta yaliyopotea njiani hayakuwahi kukosa mashine ya kusaga ya kuyapokea.

Mfumo uliofungwa una paneli 24 za wati 450, betri nane za lithiamu za volti 48 zenye Ah (ampea-saa) 100 kila moja, kidhibiti chaji cha kusimamia ujazaji wa betri, na jenereta moja iliyobakizwa kwa dharura. Mitambo ya mnara hutumia umeme wa DC wa volti 48, kwa hiyo umeme wa paneli unaingia kwenye betri na kwenye redio, yaani vifaa vinavyorusha mawimbi ya simu, bila kupitia inveta ya kuugeuza kuwa AC, jambo linalopunguza hasara na pia kifaa kimoja cha kuharibika. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, paneli hizi hutoa uniti (kilowati-saa) 45 na zaidi kwa siku, na jenereta huwaka tu pale mlinzi anapoijaribu ili isije ikaganda.

Betri ndizo zinazostahili kuzungumzwa kwa kirefu. Minara mingi ilianza na betri za asidi, ambazo ukizitumia zaidi ya nusu ya chaji yake mara kwa mara unazifupishia maisha, na ambazo kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25 umri wake hupungua kwa karibu nusu. Ukiziweka ndani ya kabati la bati Liwale mwezi wa Novemba, hazimalizi muda ulioandikwa kwenye kikaratasi cha kiwandani. Za lithiamu huvumilia joto zaidi, na unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji bila hofu. Betri zetu nane hubeba uniti 38, na zinazotumika kwa usalama ni kama 30. Mzigo wa mnara ulipopimwa ulikuwa kilowati 1.1, ambao kwa saa 14 zisizo na jua la maana unahitaji uniti 15. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, tena ya ukarimu, kwani ilibakiza akiba ya usiku wa pili.

Kisha zikafungwa redio za 4G. Mzigo ukapanda hadi kilowati 1.7, usiku ukaanza kula uniti 24, na siku nzima ikahitaji 41. Kiangazi hakuna aliyegundua, kwa kuwa jua lilikuwa likifidia. Mvua za Desemba zilipoanza, siku ya mawingu mazito ikawa inatoa kama uniti 20 tu, betri zikawa hazijai, na usiku wa pili jenereta ikawa inawaka kabla ya alfajiri. Hapo ndipo tulipokisoma vizuri kifungu cha mkataba kinachosema kwamba mzigo ukizidi kilowati 1.3, dizeli yote inayochomwa ni juu ya mwenye mnara. Kwa wakati huu ambapo kila mtandao unaongeza 4G vijijini, kifungu cha namna hiyo kinamhamishia mteja hasara iliyokuwa ikitabirika tangu mwanzo, na sioni ni kwa nini kampuni ya nishati iliyobobea isiulize mapema ni vifaa gani vitaongezwa ndani ya miaka mitatu.

Kasoro ya pili ni ya ufundi, na ni ya kizembe. Paneli zimefungwa upande wa kusini wa mnara. Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 10 za latitudo, na kuanzia Aprili hadi Agosti jua la mchana huwa upande wa kaskazini, hivyo kivuli cha mnara huangukia kusini. Mwezi Juni, saa sita mchana, kivuli cha mnara wa mita 45 hufika mita 29, na nguzo zake za chuma huchora mistari iliyokatiza safu mbili za paneli. Kivuli chembamba namna hiyo kinaonekana si kitu, lakini paneli zilizounganishwa kwa mfululizo huburutana, na moja ikifunikwa inapunguza umeme wa safu yake. Mistari hiyo huhama polepole kutoka magharibi kwenda mashariki kadiri jua linavyosogea, kwa hiyo hasara haikai kwenye paneli moja ili ionekane kama ubovu. Sehemu ya kaskazini ya kiwanja ipo, iko wazi, na ndiko kulikojengwa kibanda cha mlinzi.

Uangalizi wa mbali ni mzuri, ukiondoa kichekesho kimoja. Kifaa kinachotuma taarifa za betri Dar es Salaam kinatumia laini ya simu ya mnara huohuo, na mnara ukizima, nacho kinanyamaza wakati ambapo taarifa zake ndizo zinazohitajika. Mlinzi amekuwa akiikamilisha kazi hiyo kwa kupanda pikipiki hadi kijiji jirani anakopata mtandao. Nililiripoti jambo hili na jibu lililokuja ni kwamba kifaa cha setilaiti kina ada ya ziada.

Kwa upande wa watumiaji, tofauti inaonekana zaidi msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba, malipo ya wakulima huishia kwenye simu, na mtandao ukikata mchana foleni kwa wakala hugeuka ugomvi. Zamani jenereta ilipokosa mafuta, mnara ungeweza kulala siku mbili ukisubiri gari, na kwa kuwa mnara huu hupokezana mawimbi na mingine miwili iliyo mbele yake, vijiji vya mbali zaidi vilizimika pamoja nasi. Sasa hilo halitokei. Wanaoishi kandokando ya hifadhi wananiambia kilicho muhimu kwao ni kuwapata askari wa wanyamapori usiku tembo wanapoingia mashambani, na saa hizo ndizo betri zinapofanya kazi peke yake. Wakati wa jenereta, saa hizo pia ndizo mafuta yalipokuwa yakiisha.

Ufundi wa baada ya mauzo ni wa wastani. Nati za kuzuia wizi wa paneli ni imara, kabati la betri lina kufuli nzuri na betri zenyewe hazifanyi kazi zikitolewa kwenye mfumo wake, jambo muhimu kwa sababu betri ya lithiamu ina soko majumbani. Usafishaji wa paneli, hata hivyo, umeachwa kwa mlinzi bila maji wala malipo, na vumbi la Septemba pamoja na vinyesi vya ndege havisubiri mvua.

Kampuni imeahidi kuongeza betri nne bila kupandisha ada. Ni jambo jema, lakini dumu kubwa halileti maji, na siku ya mawingu hakuna cha kuzijazia. Nimemshauri mwenye mnara adai pia paneli nane, zifungwe upande wa kaskazini, na kiwango cha mzigo kwenye mkataba kipandishwe hadi kilowati 2 kabla ya mvua za Desemba.