Taa yangu ya "wati 1000": inawaka ao haiwaki?

Nianze na maneno ya kijana wa dukani aliyeniuzia taa ya kukuzia mimea, siku niliyorudi kwake kulalamika, maana hayo ndiyo yanayonikosesha usingizi kuliko taa yenyewe. "Mama, inawaka ao haiwaki?" Nikamjibu inawaka. "Basi shida yako iko wapi?" Kisha akanigeuzia mgongo, akamsalimia kwa mikono miwili baba mmoja aliyekuja kununua betri. Mimi nikabaki nimekumbatia boksi kama mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari.

Ninauza miche hapa Goma: nyanya, pilipili, sereli, powaro. Kiwanja chetu kiko juu ya mawe ya volkano ya mwaka 2002, udongo tunanunua kwa gunia, kwa hiyo kitalu changu siku zote kimekuwa cha trei na beseni kuukuu zilizopangwa barazani. Kilienda vizuri mpaka jirani alipopandisha etaji. Simlaumu, kiwanja ni chake. Lakini tangu ghorofa yake ya pili ikamilike, jua linaingia kwangu saa tano na saa nane limeshaaga. Nyanya zikaanza kurefuka, shina jembamba kama uzi, majani mawili juu, zinalala ukizigusa. Mteja gani atanunua kitu hicho?

Ndipo nikaenda upande wa Birere kutafuta taa ya kukuzia mimea. Duka silitaji. Boksi lilikuwa limeandikwa 1000W kwa tarakimu kubwa kuliko jina la taa, na picha ya nyanya nyekundu zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Nikauliza swali moja tu, na naapa nililiuliza vizuri: nyumbani nina betri na konvertisa ya wati 500, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa ajili ya siku ambazo umeme unakatika, je, itaibeba taa hii? Kijana akacheka kwa upole, ule upole wa kumwonea mtu huruma. "Mama, elfu moja inaingia mu mia tano?"

Haiingii, kweli. Hesabu ya darasa la pili. Basi akaniuzia konvertisa ya 1500. Taa dola 85, konvertisa dola 130. Nilitoka pale nikimshukuru.

Wiki kadhaa nilikuwa mtu wa furaha. Chumba cha nyuma kiligeuka zambarau tupu, watoto wa jirani wakatangaza kwamba mama amefungua nganda, yaani baa. Trei zangu nilizitawanya kwenye eneo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kwa sababu boksi lilisema taa inatosha eneo hilo. Na nyanya zikaendelea kurefuka. Pale katikati zilijitahidi, pembeni zilikuwa uzi uleule wa barazani. Nikafikiri ni mbegu. Nikafikiri ni udongo. Nikamshutumu hata shemeji yangu kwamba anamwagilia kupita kiasi, na nimeshamwomba msamaha.

Aliyefumbua fumbo ni mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya umeme, alikuja Jumapili moja kula sombe. Akaingia chumbani, akaweka kiganja juu ya mgongo wa taa. "Mama mdogo, hii si elfu moja. Elfu moja ingekufukuza humu ndani." Akanieleza kwamba umeme unaoingia kwenye taa karibu wote huishia kuwa joto ndani ya chumba, hata ule unaotoka kwanza kama mwanga. Kitu cha wati 1000 ninacho tayari: pasi yangu. Je, chumba hiki kina joto la pasi inayowaka mchana kutwa? Hakikuwa nalo. Kilikuwa na uvuguvugu wa kuku aliyelalia mayai.

Mimi mbishi, nikataka ushahidi. Tukachomoa kila kitu, friji, chaja za simu, redio, tukabaki na taa peke yake, tukaenda kusimama mbele ya kashpawa, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Kama hujawahi kuiangalia vizuri, kashpawa ina kitaa chekundu kinachomweka, na kwenye yangu imeandikwa kwamba mimweko 1000 ni kilowati-saa moja. Kwa dakika kumi tulihesabu mimweko 16. Kumi na sita! Ni wati-saa 16 ndani ya dakika kumi, zidisha kwa sita upate saa nzima: wati 96. Taa ya wati 1000 ya kweli ingemweka zaidi ya mara 160. Ili nisiseme kwamba mita ndiyo inayodanganya, tukachomeka pasi. Mimweko 17 kwa dakika moja tu. Pasi imeandikwa 1000 na inakula 1000, haina maneno mengi.

Halafu yule mtoto akapindua taa, akafuta vumbi kwa kidole, na pale nyuma, kwenye kikaratasi cha fedha, kwa maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa, iliandikwa 100W. Kumbe ukweli ulikuwepo siku zote, ila ulifichwa mgongoni. Hiyo 1000 ya mbele inatoka wapi? Ndani mna diodi 100, vile vitaa vidogo vya LED, kila moja imetengenezwa iweze kubeba mpaka wati 10. Mia mara kumi. Lakini kisanduku kinachozilisha hakizipi zaidi ya wati moja moja. Ni sawa na kuuza basi la abiria 50 ukisema limebeba watu 50, wakati ndani wamekaa watano.

Sasa hapa nataka kuwa wa haki, ingawa sijisikii kuwa wa haki. Wati siyo mwanga. Wati ni kile unacholipia kwenye kashpawa, na mmea haujui wati. Mmea unakula chembe za mwanga, fotoni, zile za mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, na taa za mimea zinapimwa kwa mikromoli (kipimo cha kuhesabia fotoni) ngapi zinatoka kila sekunde. Taa nzuri za siku hizi hutoa zaidi ya mikromoli mbili na nusu kwa kila wati. Hizi za zambarau za bei ya chini huwa zinatoa moja, au moja na nusu ukibahatika. Wala usidanganywe na lumeni zilizoandikwa ubavuni. Lumeni hupima jinsi jicho la mtu linavyouona mwanga, na jicho letu linapenda kijani-manjano, halioni vizuri nyekundu na bluu ambazo taa hii imejaa. Programu ya simu ya kupimia mwanga nayo vilevile, tuliijaribu ikatupa namba ya ajabu tukaiacha.

Basi piga hesabu na mimi. Wati 96, tuseme moja na tatu kwa kila wati, ni kama mikromoli 125 kwa sekunde. Zitawanye kwenye eneo lile la boksi, ambalo ni mita za mraba mbili na robo: unabaki na 55 hivi kwa kila mita ya mraba. Miche inataka angalau 100, na 200 ndiyo inanenepa. Ndiyo maana zilikuwa zinarefuka! Shemeji wa watu hakuwa na kosa lolote.

Nikarudi dukani na hesabu hiyo kwenye karatasi. Nilitaka anirudishie pesa za konvertisa tu, taa nibaki nayo. Konvertisa yangu ya zamani ya 500 ingeibeba taa hii na redio na chaja juu yake, tena bila kutokwa jasho. Karatasi hakuitazama. Ndipo akaniuliza kama inawaka ao haiwaki. Nikamwambia, mwanangu, ukiuziwa debe la mahindi ukakuta kilo moja na nusu ndani, utauliza kama yanapikika? Akasema, "Mama, wewe ni injinia?" Watu wakacheka. Yule baba wa betri naye akacheka.

Nilikuwa nimekusudia kuandika msinunue taa hizi kabisa. Lakini siwezi kusema hivyo nikiwa na macho. Tulizisogeza trei zote zikabanana sentimita 60 kwa 80 chini ya taa, tukazungushia kuta za gunia jeupe ili mwanga usipotee pembeni, nikaiacha iwake saa 14. Nyanya za mzunguko ule zilikuwa fupi, nene, za kijani cha kuiva, nilizimaliza zote asubuhi moja. Mama mmoja akaniuliza nimeweka mbolea gani. Kwa wati 96, taa inafanya kazi ya wati 96, na kwa kweli ingekuwa 1000 kamili ingenimaliza. Betri yangu ni ya amperi-saa 100, volti 12, nusu yake ndiyo naweza kutumia bila kuiua, yaani kama wati-saa 600. Wati 1000 zingeikausha kwa nusu saa. Sasa umeme ukikatika jioni ninasukuma mpaka saa tano usiku, na kesho yake betri bado ina uhai.

Kwa hiyo ni taa nzuri? Kwa dola 85, hapana, iliyoandikwa 100 kwa uwazi ningeitafuta kwa nusu ya bei. Kwa miche, ndiyo. Kwa nyanya za kuzaa kama zile za kwenye picha, sahau, labda shina mbili. Lakini nikikumbuka ule mgongo aliponigeuzia, narudi kwenye hapana.

Konvertisa ya 1500 ilikaa chini ya kitanda ndani ya boksi lake, haijawahi kufanya kazi ya maana. Juzi nikapata mnunuzi, kijana ana saluni, anataka ya mashine za nywele. Akaigeuza, akaitazama, akauliza, "Mama, hii 1500 ni 1500 ya kweli?"

Nikafungua kinywa, nikakosa la kumwambia. Nikaleta pasi. Tukaunganisha kwenye betri iliyojaa, nikaweka pasi moto wa juu, kitaa chake kikawaka.

Konvertisa ikalia mara tatu, ikazima.